Kikombe Namba Arobaini na Moja

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu umeinyoosha, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na yule mtetea anayetaga juu ya kabati la vyombo, umemshinda au amekushinda? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, ingawa si kwa wakati. Nalala, ingawa si kwa kutulia. Na kazini naingia saa mbili kamili kama ulivyonizoesha.

Barua yako ilinifika wiki mbili zilizopita. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikairudia nikiwa nimekaa, kisha nikaikunja na kuitia ndani ya kitabu ambacho sikukifungua tena kwa siku tatu. Usidhani nimekupuuza. Nimeanza kukujibu mara nne, na kila mara nilipofika kwenye neno kikombe kalamu iligoma.

Umeniandikia kwamba yule mlinzi wa msitu mnayemwita Filimbi alikuzuia kwenye ua mpya wa waya, akakupokonya kapu, akaumwaga uyoga wako wote wa masikio chini mbele za watu waliokuwa wakipita. Akatoa karatasi yenye picha mfukoni, akawa anainama na kulinganisha uyoga mmoja mmoja na ile picha, kama mtu anayetafuta ndugu yake aliyepotea. Mwisho akasema kikombe, sikio, pua, kwake yote mamoja, kwa hiyo hapaingiliki. Ulipomwambia kwamba unachuma masikio humo tangu yeye hajaota jino, akakujibu kwamba kama mama mzima hawezi kutofautisha uyoga wa serikali na uyoga wa mboga, basi akae nje. Watu wakacheka. Nilipofika kwenye hilo neno, wakacheka, nililazimika kushika ukuta.

Umeniuliza maswali mawili. Kwanza, hicho kikombe chetu ni kitu gani, na kinatofautianaje na masikio, nikuandikie vizuri, na muhuri wa ofisi chini yake, umsogezee Filimbi karibu na pua. Pili, imekuwaje mimi, uliyenikuza kwa masikio hayohayo, nikugeuze mwizi kwenye msitu ulioanza kuuingia ukiwa mgongoni kwa bibi. Swali la kwanza ndiyo kazi yangu. La pili limenivuruga. Niruhusu nianze na lile ninaloliweza.

Uyoga wa kikombe ni wa rangi ya hudhurungi, kama chai ya rangi iliyoachwa ikapoa. Hauna shina. Unakaa chini moja kwa moja, kwenye udongo, kwenye majivu, mdomo wazi, kama kibakuli cha mwanasesere kilichosahauliwa mvuani. Ndani ni laini, nje umepauka na una kitu kama unga. Ukiwa mdogo ni duara safi kabisa na huwezi kuuchanganya na kitu kingine. Taabu inaanza ukikua. Ukingo unachanika, wenzake wanausukuma huku na huku, unajikunja, na mtu akiutazama kwa mbali anaapa kwamba ni sikio.

Basi usiutazame kwa mbali. Ushike. Sikio ukilivuta linavutika, ukiliachia linarudi, sawa na ndewe ya sikio la mtu. Kikombe hakivutiki. Ukikikunja kinakatika hapohapo, na ndani ya nyama yake mna majimaji. Sikio haliachani na mti: liko kwenye gogo, kwenye tawi lililokufa, kwenye kisiki, na ukiligeuza mgongo unaona vinyweleo vifupi kama vya shavu la mtoto. Kikombe mgongoni hakina nywele, na hakihitaji gogo. Halafu kuna maji. Sikio ukilianika linakuwa gumu kama ukucha, na ukilitumbukiza majini baada ya muda limerudi kama lilivyokuwa. Hilo ulinionyesha wewe kwenye beseni la bluu kabla sijajua kusoma. Kikombe kikikauka kinabaki ganda, na majini kinalegea tu, basi.

Kuna kipimo kimoja zaidi, na hiki nakijua utakipenda. Ukikuta kikombe kilichokomaa, kipulizie taratibu kama unavyopoza chai. Subiri kidogo. Kitatoa moshi. Si wa moto. Ni chembe zake za uzazi, maelfu kwa maelfu, zinaruka zote kwa mpigo mmoja. Sikio ukilipulizia mpaka ukaishiwa pumzi litakutazama tu.

Wapo na wengine wa kuchanganya, ingawa si sana. Kuna kikombe chekundu kinachoota kwenye vijiti, chenye nywele kwenye ukingo kama kope. Hicho hata Filimbi atakitambua. Na kuna vile vidogo kama kofia ya kalamu, ambavyo ndani vina vitu kama mayai ya ndege. Utotoni nilikuletea kimoja nikakuambia nimepata kiota cha sisimizi.

Kuhusu kula, kikombe hakiliki. Sisemi kwamba kinaua. Kikiwa kibichi kinavuruga tumbo, na kikipikwa sijui mtu aliyekipima kwa makini hata nikuandikie kwa kalamu kwamba ni salama. Kisiingie chunguni mwako. Maelezo haya yote nimeyaandika tena kwenye karatasi ya pekee yenye muhuri, imo ndani ya bahasha hii. Hiyo ndiyo ya kumsogezea puani. Hii barua usimwonyeshe mtu.

Sasa, kwa nini uyoga usioliwa uzungushiwe waya? Najua hukuelezwa, kwa sababu waliokuja kuchimba mashimo ya nguzo nao hawakuelezwa.

Mkuu wa chumba chetu cha vielelezo ni mzee mfupi anayeosha kikombe chake cha chai mwenyewe na kukifuta kwa leso yake. Nyuma ya mgongo wake tunamwita Tutaona, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Ukimwomba ruhusa, tutaona. Ukimwambia mvua inakuja, tutaona. Amefanya kazi hii miaka thelathini na anastaafu mwisho wa mwaka. Yeye ndiye aliyeutazama uyoga huo kwenye hadubini akasema ni aina ambayo vitabu vyake vyote vinaieleza kwa tabia moja: ni uyoga wa majumbani. Huota kwenye kuta zenye unyevu, chini ya mazulia, kwenye mchanga wa mafundi. Porini, kwa kadiri alivyosoma yeye, hakuna aliyewahi kuuokota. Halafu mimi nikaleta bahasha namba arobaini na moja, na lebo inasema msituni, kwenye udongo uliochomwa, ng'ambo ya kijito. Yaani, kwa maneno yake, tumepata kwao. Tumepata mahali ulipotoka kabla haujahamia kwenye nyumba za watu.

Aliandika ripoti kurasa kumi na mbili. Kiwanda cha mbao kilikuwa tayari kimetia alama nyekundu kwenye miti ya kona ile, unaikumbuka. Ripoti ikasomwa na wanaohusika, kiwanda kikaambiwa kisubiri, na ndani ya miezi miwili waya ukawekwa. Wewe mwenyewe uliniandikia wakati ule kwamba umepiga vigelegele peke yako shambani, kwamba miti imepona, na magogo ya masikio yamepona nayo, na kwamba hukujua kule kupiga magoti kwangu kwenye matope kungeleta faida. Barua hiyo ninayo. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hapa ndipo kalamu ilipokuwa inagomea.

Unakumbuka zile siku tano nilizokaa kwako. Siku ya nne ulinisindikiza hadi ng'ambo ya kijito, kwenye lile tanuri la zamani la mkaa, ukanishikia mwavuli huku ukiuliza kama kweli miaka yote ile ya masomo ilikuwa ni kwa ajili ya kuokota kitu ambacho hata mbuzi hakitaki. Nilichuma vikombe saba vya hudhurungi. Nikavitia kwenye mfuko wa karatasi, nikaandika namba arobaini na moja. Hayo yote ni kweli. Ulikuwepo.

Njiani kurudi mvua ilipenya kwenye begi. Jumatatu asubuhi nilipoufungua mfuko nilikuta uji mweusi wenye funza. Nilikuwa na haraka, nikaumwaga bila hata kuweka tone moja chini ya hadubini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelifanya. Kilichooza nacho ni kielelezo. Nikaosha sinia la kukaushia, lakini kikaratasi cha namba nikakiacha kimebanwa pembeni, nikijiambia nitakitoa nikishafuta kwenye daftari.

Asubuhi hiyohiyo mama anayefanya usafi jengoni kwetu alinipigia kelele kutoka stoo. Ni mtu wa utani sana. Alisema njoo mtafiti, ukuta wenu umeota masikio, nifagie au nikapike? Nikaenda. Nyuma ya sinki, bomba lilikuwa likivuja miezi na miezi, lipu ilikuwa imevimba kama mkate, na kwenye ule uvimbe palikuwa na vikombe vya hudhurungi, vizuri, vikavu kwa juu, vimekaa kama vimealikwa. Nikamwambia si masikio, nikamwonyesha jinsi vinavyokatika. Nikavichuma vyote nipate vya kujifunzia, kwa kuwa vyangu vilikuwa vimeoza. Sinia lililokuwa wazi lilikuwa lile nililoliosha. Nikaviweka humo, nikaenda kunawa vumbi la lipu.

Niliporudi Mkuu alikuwa ameinamia hadubini.

Akageuka. Shangazi, katika miaka mitatu sijawahi kuyaona meno ya chini ya mzee yule. Alikuwa anatabasamu uso mzima. Akaniita mwenzangu. Hakuwahi kuniita hata kwa jina, mimi nilikuwa "wewe binti." Akasema, mwenzangu, unajua umeleta nini? Akaanza kueleza mambo ya majumbani na porini, upesi upesi, kisha akauliza nilikiokota juu ya mti au kwenye udongo.

Jibu lilikuwa mdomoni: ukutani, nyuma ya sinki, pale stoo, bado hata mikono haijanikauka. Nikasikia sauti yangu inasema, kwenye udongo uliochomwa, ng'ambo ya kijito, karibu na tanuri la mkaa.

Nimejaribu mara nyingi kujua ni nani aliyesema. Nikiirudia ile dakika najiona nimesimama na taulo mkononi, na sauti inatoka, tulivu, kama ya mtu anayesoma daftari. Maneno yenyewe yalikuwa kweli. Yalikuwa ni ya uyoga mwingine. Nikajiambia nitamrekebisha akimaliza chai. Akamaliza chai, akakiosha kikombe, akachukua kalamu na kuandika lebo kwa mkono wake, na mwandiko wake ni mzuri sana. Nikajiambia kesho. Kesho yake alikuwa ameshaanza ripoti.

Yaliyofuata ndiyo yanayonichanganya mpaka leo, na nakuomba unisome polepole kwa sababu hata mimi sijielewi. Vile vikombe saba vya kwako nilivitazama kwa lenzi ya mkono siku ile tukiwa chini ya mwavuli, na kwa macho havikuwa na tofauti na vile vya stoo. Rangi ileile, mgongo uleule wa unga. Huenda ni aina ileile. Huenda nilisema kweli kwa bahati. Huenda pia ni binamu yake wa kawaida anayeota kwenye kila tanuri la mkaa duniani, ambaye hakuna mtu angemzungushia hata kamba ya katani. Ushahidi niliumwaga mwenyewe. Kuna siku naamka nikiwa na hakika kwamba msituni vipo. Nikifika mlangoni kwa kazi hakika imekwisha. Waya ulipowekwa nilifurahi kwa ajili ya miti, nikafurahi kwa ajili yako, nikaona aibu ya kufurahi, halafu nikaona kwamba hata ile aibu ilikuwa inanipendeza kidogo. Nikakaa nayo hivyo, miezi. Mpaka barua yako ikaja, watu wakacheka.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta Mkuu anachonga penseli. Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikaanzia kwenye sinia badala ya kuanzia kwenye uongo, ikabidi anisimamishe na kuniuliza ninamzungumzia uyoga gani. Niliporudia akaweka penseli chini. Akaniambia nimpeleke stoo.

Kumbe stoo imeshatengenezwa. Bomba jipya, ukuta umepigwa lipu upya na rangi nyeupe, hakuna hata doa. Nilisimama pale nikionyesha ukuta mtupu kwa kidole kama mwendawazimu, na kwa muda, naapa, nikaanza kujiuliza kama kweli vilikuwepo. Tukamwita mama wa usafi. Yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Alisema ndiyo, viliota hapa, vingi tu, yeye alitaka kuvipika, mtafiti ndiye aliyemnyima kitoweo. Kisha akatutazama nyuso, akaona si siku ya utani, akachukua ndoo yake akaondoka.

Nilingoja Mkuu aseme tutaona. Hakusema. Aliuliza kwa nini sikumwambia palepale. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu alitabasamu. Akasema hilo ni jibu baya. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema chini ya vile vikombe kulikuwa na chembe nyeupe, aliziona vizuri kabisa kwenye hadubini, na akaziita majivu. Miaka thelathini, akasema, na sijui kutofautisha lipu na majivu.

Hilo ndilo lililoniumiza. Angenifokea ningepumua.

Tukarudi. Akatoa bahasha namba arobaini na moja, akanipa kalamu yake. Katika kazi yetu, Shangazi, lebo haing'olewi. Hata ikiwa na makosa, hata ikiwa ya aibu, inabaki, na anayesahihisha anabandika nyingine chini yake na kutia tarehe na jina lake, ili atakayefungua bahasha miaka mia ijayo aone nani alisema nini na nani alibadilisha. Nikaandika: ukuta wa stoo, nyuma ya sinki. Nikatia jina langu lote. Sasa mwandiko wake mzuri na wangu mbaya imekaa pamoja, mmoja juu ya mwingine.

Akasema atawaandikia wanaohusika na msitu. Barua itatoka mwisho wa mwezi, na mara ikifika, kwa kadiri anavyowajua, waya utang'olewa na kiwanda cha mbao kitaendelea pale kilipoishia. Isipokuwa kama kabla ya hapo vikombe vile vitaonekana tena pale kwenye tanuri, vitumwe hapa, na yeye mwenyewe avitazame. Mvua ndiyo hii inanyesha. Kama vinaota, vinaota sasa. Magoti yake hayawezi safari. Mimi hataki niende, akasema mtu hatumwi kwenda kujiokotea utetezi wake mwenyewe, na ni kweli. Akauliza nani mwingine anapajua mahali penyewe. Nikasema shangazi yangu. Akauliza kama shangazi anavipenda hivi vikombe. Nikamwambia hataki hata kuviona, vimemkosanisha na mlinzi na kummwagia kapu. Kidogo acheke. Akasema huyo ndiye tunayemtaka, asiyetaka kuvipata.

Kibali chako kimo humu, kina sahihi yake na muhuri. Kinamwagiza mlinzi akuingize ng'ambo ya kijito kila siku utakayotaka mpaka mwisho wa mwezi, wewe na kapu lako. Neno kapu aliliandika mwenyewe. Sikumwomba.

Lakini sikumwambia kwamba unaipenda ile miti. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Sikumwambia kwamba vikombe visipopatikana itakatwa miti ya mapito yako yote, na magogo yatavutwa kwa mnyororo, na mwakani hakutakuwa na sikio hata moja la kuanika. Nilinyamaza tena, siku ileile niliyojiona nimeacha kunyamaza. Sijui kama nilifanya hivyo kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Nitamwambia Jumatatu. Huenda akafuta kibali, huenda asifute. Ndiyo maana naituma barua leo, halafu naona kwamba hata hiyo ni hila, halafu naituma hivyohivyo.

Swali lako la pili sasa nalijibu. Nilikugeuza mwizi kwa sababu nilitaka kuitwa mwenzangu. Hakuna sababu kubwa zaidi. Nimeitafuta. Naomba unisamehe, na kama huwezi kwa sasa, nitaelewa, ila usiache kuniandikia. Kazini hawajaniambia kama nabaki au naondoka. Asubuhi namwamkia Mkuu, anaitikia, na tena ananiita wewe binti.

Kwa hiyo nenda, Shangazi. Nenda mchana, vaa viatu vizuri, pale kando ya kijito panateleza. Ukivipata vichume vitatu, kila kimoja kwenye karatasi yake, usivitie kwenye plastiki, na Filimbi atie sahihi kwamba aliona vikichumwa.

Na usipovipata, niandikie kwamba hukuvipata. Nakujua. Uliwahi kumwapia mwalimu wangu kwamba nina homa siku niliyokuwa nimejificha tu chini ya kitanda kwa kuogopa mtihani, ukanikandia paji la uso mbele yake ili aamini. Safari hii usinikandie. Usiende kunitafutia kwenye ukuta wa bafu lako wala chini ya mtungi. Hata kama misumeno imeshafika na unaisikia ukiwa njiani kurudi. Ukikuta hakuna, andika hakuna.

Nisalimie majirani wa pande zote mbili za ua, hata yule msiyesemezana naye. Filimbi naye msalimie, baada ya kuuona muhuri, si kabla. Nakuombea miguu iwe na nguvu na macho yaone vizuri. Nasubiri jibu lako, liwe refu au liwe neno moja.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Bi Maswali